Nani Atamfungulia Clarisse Chaza

Pinet, 4 Mei 1987

Mdogo wangu Léontine,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua kila upepo wa baharini unapovuma. Natumaini na wewe hujambo, na kwamba mikono yako haijapasuka zaidi kwa ile saruji na chumvi yako. Huku mizabibu imechipua vizuri, baridi ya Aprili haikuigusa. Hayo ndiyo mema. Sasa nakuja kwenye jambo.

Jumapili tarishi wetu Cazals alikuja huko Bouzigues na mkewe, wakaketi kibandani kwako wakala chaza. Amerudi Pinet na uso wa mtu aliyetoka msibani. Anasema uliwaletea sahani nzuri, limau, mkate na siagi, kila kitu mahali pake, halafu ukawawekea mezani chupa ya Muscadet. Nikamwambia, Cazals, ulikuwa umelewa. Akaniapia kwa roho ya mama yake.

Muscadet, Léontine! Mvinyo wa watu wa Nantes! Umepakiwa kwenye lori, umevuka nchi nzima, uje umiminwe pembeni ya chaza waliokulia kwenye ziwa letu la chumvi, ambao kila wakiinuliwa majini wanaiona mizabibu yangu juu ya kilima. Baba angekuwa hai angekuzaba kibao, na mimi ningemshikia koti. Iondoe. Sitaki maelezo, nataka iondoke.

La pili ni la furaha. Binti yangu Clarisse anaolewa Jumamosi ya tarehe 29 Agosti, kabla hatujaanza kuvuna. Kijana anaitwa Rémi, anafanya kazi reli huko Montpellier, mpole, akiambiwa anasikia. Ndoa ya serikali wataifunga Ijumaa hukohuko na mashahidi wao wawili. Kanisa na chakula ni hapa, uani kwangu. Utaleta chaza wa kutosha watu themanini. Lete wale wakubwa, sio hao unaowapa watalii.

Kaka yako,
Baptistin


Bouzigues, 12 Mei 1987

Kaka Baptistin,

Barua yako nimeipata. Asante kwa kuniulizia mikono, imepasuka. Pole kwa goti. Punguza tumbo, goti litapumua.

Habari za Clarisse ninazo tangu Februari. Alinipigia mimi kwanza. Nilinyamaza ili ujione wewe ndiye unayenipasha, lakini kwa kuwa umekuja na fimbo, sioni sababu ya kukubembeleza.

Umesema hutaki maelezo. Utayapata. Mvinyo wa Pinet una kazi moja duniani: kung'ata. Unakunywa, midomo inashtuka, mate yanajaa, unataka chaza mwingine. Ndivyo ulivyokuwa kwa Baba, ndivyo ulivyokuwa kwako mpaka miaka mitatu iliyopita. Halafu ushirika wa wakulima ukaanza kuwasifu wenye mvinyo wa kilevi kingi, na wewe sifa huwezi kuziona zikipita bila kuzikimbilia. Sasa unaziacha zabibu mtini mpaka zinalegea kwa jua. Kilevi kimepanda, ndiyo. Meno yameng'oka. Mvinyo wako umenenepa, Kaka, unalala kwenye ulimi kama mtu aliyeshiba. Mteja wangu anakula chaza wawili, anakunywa glasi nusu, kisha ananiomba maji. Maji, kibandani kwangu! Huyo wa Nantes si ndugu yangu na wala simpendi, lakini anang'ata.

Chaza nitaleta. Usidhani ni kwa amri yako. Mtoto huyo nimemlea tangu mkeo Odile alipofariki, akiwa na miaka minne, wewe ukiwa huwezi hata kumsuka nywele, mpaka alipokuwa mkubwa wa kurudi kwako na kwenda shule ya Mèze. Kwa hiyo nitakaa kwenye kiti cha mama, kando ya bibi harusi, nitamfungulia chaza wa kwanza kwa mkono wangu kabla mtu mwingine hajala, kama Mama alivyonifungulia mimi, na kama Bibi alivyomfungulia Mama. Wewe utammiminia mvinyo, hiyo ndiyo kazi ya baba nyumbani kwetu. Hakikisha tu una meno.

Mdogo wako,
Léontine


Pinet, 19 Mei 1987

Léontine,

Natumaini barua hii imekukuta na afya ya kutosha kuisoma ukiwa umekaa. Mimi afya ninayo, usiihesabu pamoja na tumbo langu.

Nimesoma hotuba yako. Mwanamke aliyeihama mizabibu akiwa na miaka ishirini, akamfuata mvuvi wa chaza, Mungu amrehemu, leo ananifundisha siku ya kuvuna! Wewe unashikiza makombe kwenye kamba kwa saruji. Ni kazi ya fundi wa ukuta, nakuheshimu kwa hilo, lakini fundi wa ukuta haniambii zabibu zangu zimeiva lini. Mwaka jana ushirika ulinipigia makofi mbele ya Pinet nzima. Ulikuwa wapi? Ulikuwa unafungua Muscadet.

Basi nisikilize vizuri. Muscadet ikiwa bado iko kibandani kwako mwisho wa mwezi huu, chaza wako siwataki. Nitaagiza wa Marennes. Ndiyo, Marennes, wa kule kwenye bahari kubwa, waje kwa lori kama huyo mpenzi wako wa Nantes, tuone utamu wake. Na kwenye kiti cha mama atakaa Eulalie. Ni dada yake Odile, tumbo moja. Hakuna mtu atakayeuliza kwa nini amekaa pale. Wewe utapata nafasi meza ya tatu, pamoja na Cazals.

Kaka yako,
Baptistin


Bouzigues, 3 Juni 1987

Kaka,

Mimi mzima. Ziwa zima. Muscadet nayo ni nzima, nimeihamishia dirishani ili anayepita barabarani aione bila kuingia.

Eulalie! Eulalie anafungua chaza kwa nyundo, Baptistin. Umesahau ile Krismasi alipotutemesha vipande vya gamba usiku kucha? Mtoto wa watu anaolewa, anatafunishwa changarawe na mama wa kuazima.

Huyo Eulalie alikuwa wapi Clarisse alipougua surua? Alikuwa Béziers, anaogopa kuambukizwa. Clarisse alipopata hedhi ya kwanza alikimbilia boti yangu, akanikuta nimeshika kamba, nikaiacha kamba ikazama na chaza wake wote. Hilo hukulijua, ndiyo kwanza unalisoma. Kuna mengi hukuyajua maana ulikuwa kwenye mizabibu. Sikulaumu kwa huzuni uliyokuwa nayo, Odile alikuwa mke mzuri. Lakini mambo yale yaliyotakiwa kufanywa na mama, niliyafanya mimi, na kiti hicho ni changu.

Jana nimempigia Clarisse, nikamsomea barua yako, hasa pale pa meza ya tatu na Cazals. Akaniuliza mikono yangu inaendeleaje, akakata simu.

Mdogo wako,
Léontine


Pinet, 21 Juni 1987

Léontine,

Salamu. Goti limetulia. Natumaini na ulimi wako umepata mapumziko kidogo.

Clarisse alikuja kula mchana. Nilimchomea soseji na kumkaangia biringanya, vitu anavyovipenda. Hakugusa. Akasema, "Baba, mwache Shangazi akae pale." Nikamwambia ajue kwanza shangazi yake anavyomwandikia baba yake, nikamletea barua zako zote mbili, asome mwenyewe pale pa tumbo, na pale pa kumsuka nywele. Akazisoma. Akauliza kama nina kahawa. Umefurahi? Umemfanya mtoto awe hakimu wetu.

Mimi si mtu wa ukaidi. Nakutumia chupa mbili kupitia kwa Cazals, zote nimezibandua karatasi. Moja ni yangu ya mwaka jana, nyingine ni hiyo Muscadet yako, nimeinunua mwenyewe huko Agde nikiwa nimevaa kofia ili nisijulikane. Zionje na chaza wako bila kujua ipi ni ipi. Uandike kwa uaminifu ipi umeipenda. Ukisema ya kwangu, unaondoa upuuzi ule dirishani na tunazungumza habari ya kiti. Ukisema ile nyingine, basi huna ulimi, na mtu asiye na ulimi hafungui chaza mezani kwangu.

Kaka yako,
Baptistin


Bouzigues, 30 Juni 1987

Kaka,

Chupa zimefika salama. Cazals hajambo, amekula bure.

Ya kwako nimeijua kwa kuinusa tu. Nimeikazia macho, nimeionja na chaza watatu kwa haki kabisa, kisha nikaimimina kwenye sufuria ya ngisi, na nyanya na kitunguu saumu. Ngisi hawakulalamika. Nikupe haki yako: kwa ngisi unafaa. Kwa soseji unafaa. Kwa kuku wa Jumapili na viazi, unafaa sana, na kwa jibini la mbuzi sina neno. Kwa chaza, hapana. Chaza ana chumvi na utamu mdogo wa ndani, anataka mtu wa kumshtua. Wewe umemletea mtu wa kumlaza.

Ungevuna wiki mbili mapema, tungekuwa hatugombani. Ni hilo tu. Lakini huwezi, kwa sababu ingebidi Pinet nzima ione kwamba dada yako wa saruji alikuwa na haki.

Kuhusu kiti sina la kuongeza. Nitavaa gauni la bluu.

Mdogo wako,
Léontine


Pinet, 10 Agosti 1987

Léontine,

Natumaini u mzima katika joto hili. Hapa hata mbwa hawabweki. Hakuna upepo, siku ya ngapi sijui, na majani ya mizabibu yamejikunja.

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia, na ningeendelea, ila Clarisse amekuja na Rémi wake kusema kwamba chaza wa Marennes hataki kuwaona. Anataka wa ziwa, anataka wa kwako. Amesema bila hao afadhali tule mkate mtupu. Sawa. Umeshinda hilo. Walete Ijumaa ya tarehe 28 jioni, nitawaweka chini kwenye baridi ya pishi.

Lakini kiti nimeshampa Eulalie, na ameshashona nguo. Siwezi kumvua mtu nguo kwa ajili yako. Leta chaza, kaa unapoambiwa, cheka, ondoka. Nijibu upesi ili nijue.

Kaka yako,
Baptistin


Pinet, 19 Agosti 1987

Léontine,

Siku tisa, hakuna jibu. Nimepiga simu kibandani, inalia tu. Mtu mzima unanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende, na zimebaki siku kumi harusi ifike!

Najua unachofanya. Unanisubirisha mpaka dakika ya mwisho, nije nikupigie magoti, niseme, njoo Léontine, kaa kwenye kiti, wewe ndiye mama. Sitasema. Watu wanasema maji mabaya yamepiga upande wa Mèze, kwamba meza za watu mle majini, zile zinazoning'inizwa kamba za chaza, zimeanza kufa. Yakifika kwako, hiyo ni Muscadet inakulipa, na mimi sitatoa chozi.

Nikueleze jambo ambalo nimelinyamazia miaka mingi kwa heshima. Clarisse alikuwa na mama, akafa. Baada ya hapo alikuwa na yaya. Yaya ni wewe. Yaya mzuri, nakubali, mwenye kelele. Mungu hakukupa wa kwako, si kosa lako, lakini wa kwangu usimfanye wa kwako. Marennes nimewaagiza. Usije.

Baptistin


Bouzigues, 24 Agosti 1987

Baptistin,

Safari hii sikuulizi habari za afya.

Simu ililia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuipokea. Maji mabaya yalifika kwangu tarehe 12. Unajua yanavyokuja, umekulia karibu na ziwa hili: upepo umekufa, ziwa limetulia, halafu asubuhi moja maji ni meupe, yananuka mayai viza. Nikavuta kamba ya kwanza. Chaza wote midomo wazi, ndani uji. Ya pili hivyohivyo. Jirani yangu Fernand akaja na boti yake, tukawa tunakata kamba ambazo bado zina uhai na kuzikokota mpaka karibu na mfereji wa Sète, ambako bahari inaingia na maji yanapumua. Mikono miwili yangu, miwili ya Fernand.

Clarisse alisikia hospitalini kwao, wauguzi wenzake wa Mèze walimwambia. Akachukua likizo aliyoiweka kwa ajili ya harusi, akaja. Wiki nzima amevuta kamba nami, kwenye uvundo ule, hakuniuliza hata mara moja kuhusu kiti, wala gauni, wala wewe. Wale wakubwa wa meza ya harusi yake, niliowashikiza mmoja mmoja kwa saruji tangu mwaka juzi bila kujua ataolewa na nani, walikufa wote. Hatukuokoa hata kamba moja ya hao.

Barua yako Cazals aliileta tukiwa tumekaa kwenye ubao wa boti tunakula mkate. Nikamwambia Clarisse, baba yako ameandika. Akasema, soma. Nikasoma. Sikuruka neno. Nilisoma "sitatoa chozi", nikasoma "yaya", nikasoma "Mungu hakukupa". Ningeweza kunyamaza. Sikutaka kunyamaza, nilitaka asikie.

Clarisse akaweka mkate chini. Alivuta kamba mpaka jua likazama, akaosha mikono, akapanda basi la Montpellier.

Umesema nisije. Siji. Chaza sina. Na huna dada.

Léontine


Pinet, 27 Agosti 1987

Léontine,

Clarisse hapokei simu. Rémi amepokea mara moja, akasema, "Amelala," saa nne asubuhi. Kesho ni ndoa ya serikali. Umemwambia nini zaidi? Nijibu hata kwa neno moja, mpe Cazals, anasubiri hapohapo mlangoni.

Kuhusu meza zako nilikuwa sijui. Niliandika nikiwa na hasira, na nilikuwa sijui.

Baptistin


Pinet, 30 Agosti 1987

Léontine,

Cazals alirudi mikono mitupu, amesema ulimfungia mlango.

Basi nikuambie harusi ilivyokuwa, ufurahi vizuri. Kanisa saa tano. Saa tano na nusu padri akatoka nje kutazama barabara. Saa sita akaanza kunitazama mimi. Watu wa Rémi hakuna hata mmoja, hilo ningelielewa mapema kama ningekuwa na akili. Nikawaambia wageni, gari limeharibika, twendeni tukakae kivulini. Wakaja uani. Marennes walikuwa wamefunguliwa tangu asubuhi, mtu anapaswa kuwa mwehu kufungua chaza asubuhi mwezi wa Agosti, lakini Eulalie aliogopa kuchelewa kwa sababu ya ile nyundo yake. Wakaanza kunuka. Nikamimina mvinyo ili watu wawe na kitu mkononi. Nikauonja na chaza mmoja, maana lazima mtu mmoja aonje.

Nimeonja, Léontine. Mvinyo ulikuwa kama ulivyosema. Usidhani naandika hivi kwa furaha.

Saa nane simu ikalia, Rémi. Akasema ndoa wamefunga jana, ni mke na mume, wanasalimia, hawatakuja. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Baba mkwe, wewe unajua." Yule mpole! Akakata. Nikarudi uani kuwaambia watu themanini. Eulalie alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama na nguo yake mpya, analia, na pembeni yake kiti cha bibi harusi kiko wazi.

Yuko kwako? Kama yuko kwako, sema tu. Sitakuja kumchukua. Nataka kujua kama amekula.

Baptistin


Bouzigues, 3 Septemba 1987

Baptistin,

Hayuko kwangu. Hapa nipo mimi, Fernand, na meza zilizokufa.

Jumamosi nilivaa gauni la bluu. Ndiyo, umesema nisije, nikaja. Fernand alinileta na lori lake mpaka kwenye kona ya kanisa. Nilikuwa nimepanga kuingia wakati wa nyimbo, nipite katikati, nikae mbele, nione kama utathubutu kunitoa mbele ya padri. Nikasubiri nyimbo. Nikakuona unatoka, unaingia, unatoka, na ile suti yako ya mazishi ya Baba. Mwanzoni nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi mpaka nikamshika Fernand mkono. Halafu ukasimama barabarani peke yako, ukaweka mkono juu ya macho kutazama upande wa Montpellier, na furaha ikaniisha yote. Nikamwambia Fernand ageuze lori.

Jana Clarisse amenipigia. Unauliza kama amekula. Amekula. Baada ya kutoka kwa meya walienda, wao na mashahidi wao, mahali karibu na stesheni, wakala pizza. Na bia.

Bia, Baptistin. Mtoto wa Pinet. Mtoto niliyemfundisha kufungua chaza kabla hajajua kusoma.

Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini? Sikuuliza kwa ukali. Akasema, "Shangazi, nilimwambia Rémi atafute chakula ambacho wewe na Baba hamna la kusema juu yake." Nikamwambia, lakini kiti chako, chaza wako, mimi nilitaka tu kukufungulia. Akasema, "Najua. Na Baba alitaka tu kunimiminia. Mlikuwa na miezi minne ya kupatana. Mimi mlinisomea barua." Halafu akasema amechoka, na kwamba hatapokea simu ya yeyote kati yetu kwa sasa, asiwe na upendeleo.

Kwa hiyo tumemkosa wote. Ulikuwa na haki ya hasira juu ya tumbo na mimi nilikuwa na haki juu ya mvinyo, na tumekaa na haki zetu. Sina nguvu ya kukuchukia leo, kesho labda itarudi. Ile ya "yaya" sijakusamehe na sijui kama nitaweza. Usiniandikie tena.

Léontine


Pinet, 8 Septemba 1987

Mdogo wangu Léontine,

Umesema nisikuandikie. Hii ni fupi.

Nimeenda Montpellier kwa basi, sikupiga simu. Nimesimama chini ya nyumba yao mpaka aliporudi kutoka kazini. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, goti limevimba. Hakunikaribisha ndani, ila alinitazama goti palepale kwenye ngazi, akalifunga bandeji. Nikamwambia lile neno nililokuandikia ni uongo. Nikamwambia mama aliyemlea ni wewe. Akasema, "Hilo mwambie yeye, mimi nalijua." Basi nakuambia.

Nikamwomba aje Jumapili saa sita, yeye na Rémi, na wewe. Amesema labda. Hajasema ndiyo, usije ukamtangazia Fernand.

Eulalie amerudi Béziers. Meza nimeiweka uani, ndogo, viti vinne vya ukumbi wa kijiji, vyote ni sawa, kila mtu akae anapotaka. Usilete chaza, najua huna. Usilete chupa yoyote, na mimi sitatoa yangu. Njoo hivyo ulivyo.

Nimenunua bia. Sijui inanywewa na chakula gani.

Kaka yako,
Baptistin